Bibi, Mjukuu na Mguu wa Turbo

Fundi mmoja aliyeitwa Turbo alikuwa na magari mawili ya ukoo mmoja, yote ya Kijapani, yote ya mbio. Lile la ujana wake aliliita Bibi. Lililotoka kiwandani miaka ishirini baadaye akaliita Mjukuu. Mkewe, mshonaji mwenye ulimi usiolala, alisema nyumba ile ina wake watatu, na yeye ndiye pekee asiyepakwa nta kila Jumamosi.

Ukimuuliza Turbo yupi bora, tafuta kiti kwanza. Bibi usukani mzito, ukizembea kwenye kona anakutupia mkia, na nguvu zake huchelewa halafu zinakupiga teke la mgongo. Mjukuu ana mbio zaidi, lakini ana adabu, kompyuta inafikiri kwa niaba yake. "Huyu anajiendesha, mimi abiria tu," Turbo alizoea kutamba. Abiria! Laiti ingekuwa kweli.

Siku moja walikuwa wakirudi na Mjukuu kutoka kununua vitambaa, barabara imelowa mvua, mkewe kando yake. Lori likasimama ghafla mbele yao. Turbo akakanyaga breki, pedali ikatetemeka. Kwa Mjukuu ndivyo inavyotakiwa: breki hushika na kuachia zenyewe ili matairi yasiserereke, na dereva kazi yake ni kukanyaga tu. Turbo alilijua hilo, hata wateja aliwafundisha. Lakini mazoea yana tabu. Kwa Bibi pedali ikitetemeka kuna kitu kimeharibika, unaachia kidogo kisha unakanyaga upya. Mguu ukaachia. Wakaingia chini ya lori kwa upande wa mkewe.

Yeye alitoka na mkwaruzo. Mkewe hakusimama tena.

"Breki zilikatika," Turbo aliwaambia watu, na pole zao akazipokea zote, Mungu amsamehe. Akaacha gereji akawa muuguzi. Alijifunza kumgeuza mkewe kitandani asipate vidonda, mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Mkewe alikuwa akilitukana gari, kisha anamshika mkono. "Usijilaumu, mume wangu. Chuma hakina huruma." Maneno hayo yalimkata maini kuliko matusi. Alichoogopa sasa ni kimoja tu, mkewe kuujua ukweli.

Fundi breki, rafiki yake wa siku nyingi, akaja kumjulia hali mgonjwa. Hakuwa na ubaya wowote.

"Shemeji, pole sana. Gari lile nimelifungua lote, nilitaka nimjue mchawi. Pedi nzima, mipira mizima, mafuta hayajavuja hata tone. Breki zile hata leo ukiziuza zinanunuliwa!"

Akacheka kidogo, kisha akauona uso wa Turbo. Akaaga bila kumaliza chai.

Mkewe alisubiri mlango ufungwe.

"Kumbe uliachia breki. Nililisikia gari likichomoka tena mbele."

"Mguu, mke wangu. Mguu ulizoea Bibi."

"Sikuulizi habari za mguu. Miezi yote hii nalitukana gari, na wewe umekaa hapo unanisikiliza."

Turbo akanyoosha mkono kumshika, mkewe akauondoa wake.

"Nigeuze," mkewe akasema.

"Bado mapema, nimekugeuza sasa hivi."

"Nigeuze niangalie ukuta."

Akapitisha mkono mmoja begani, mwingine nyongani, akamgeuza taratibu asimuumize. Mle ndani hamkuwa na mtu mwingine wa kumgeuza.