Mvua ya Kwanza na Wino wa Kujaza

Sisi tuliokulia Ipagala, Dodoma, wakati kompyuta zinaanza kuingia mjini tunakumbuka jinsi printa ilivyokuwa mgeni wa heshima. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu ya vumbi, na ole wake mtoto atakayeigusa. Mama alikuwa nayo moja kwenye kiduka chake cha kuchapa kadi. Katriji mpya ya wino ilitoka Dar es Salaam na bei yake haishikiki, kwa hiyo mama alinunua wino wa chupa na kuijaza ile ya zamani kwa bomba la sindano, tone kwa tone, huku sote tumenyamaza kama tuko ibadani. Jumapili alikwenda kanisani na vidole vyeusi.

Wino ule ulichelewa kukauka na uliogopa maji. Basi mama alizianika kadi juani kwenye ungo, vilevile kama bibi alivyoanika mlenda, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku.

Siku moja zilikuwa kadi za harusi ya binti wa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa nafaka mwenye jina mjini. Alizitaka kesho yake asubuhi. Alikuwa amesisitiza wino halisi, na mama, kwa kuogopa kumpoteza, aliitikia tu. Mimi nilijua ni ule wa chupa.

Mchana mvua ya kwanza ya mwaka ikaanguka. Mnaijua Dodoma, mvua ya kwanza haimwachi mtu ndani. Wenzangu waliokuwa wakicheza rede wakaanza kurukaruka, na mimi, Mungu anisamehe, nikaruka nao.

"Neema! Kadi!" mama akapiga kelele.

Majina ya maharusi yalikuwa yakichuruzika ukingoni mwa ungo.

Mama hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alijaza katriji tena, akachapa kadi zote upya, nasi tukazipepea kwa madaftari hadi jioni.

Asubuhi Bi Zuhura alifika. Shikamoo yangu haikutoka vizuri. Akaisugua kadi kwa kidole gumba.

"Mama Neema, wino ndio ule tuliokubaliana?"

Kadi zilikuwa zimekauka, hakuna ambaye angejua. Nilimwomba Mungu mama aseme ndiyo.

"Hapana, Bi Zuhura. Ni wa kujaza. Ukilowa unachuruzika. Nisamehe."

Bi Zuhura aliirudisha kadi kwenye rundo.

"Ungeniambia mapema," akasema. Akazichukua, akalipa, na hakukanyaga tena dukani kwetu.

Siku hizi kadi ya harusi inaingia kwenye simu, ina muziki na maua yanayocheza. Kijana akikosea jina la bwana harusi, anatuma nyingine kabla hujamaliza kucheka. Nawaonea wivu vijana hawa kwa kutokuwa na hofu. Lakini mama alimpoteza mteja wake mkubwa asubuhi ile, akafungua duka kama kawaida, na tangu hapo sijamwona mtu akiogopa vile na bado akasema kweli.