Jina Halikuandikwa

Kwa miaka kumi na minne Sahro Elmi aliwauliza wanawake wa Isiolo maswali ambayo hata mama yake mzazi asingethubutu kumuuliza yeye. Mara ya mwisho ulilala na nani? Mlitumia mpira? Kama hamkutumia, ni nani aliyekataa? Alianza kama mhojaji katika mradi wa utafiti wa kuzuia ukimwi, fomu na rikoda mfukoni. Akasoma wikendi na likizo hadi akapata shahada ya pili, na mwishowe akawa anaandika ripoti yeye mwenyewe. Babake, mwenye malori, aliwaambia wageni kwamba binti yake anafanya kazi ya afya, akaishia hapo.

Kabla ya kila mahojiano aliwaahidi wanawake kwamba majina yao hayataandikwa popote. Na kweli, hakuandika hata moja.

Fahmo aliuza maziwa ya ngamia pale stendi, magari ya kutoka Merti yanaposhusha mitungi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la mifugo. Sahro alimhoji mara tatu, na mara ya tatu Fahmo alizungumza bila kuulizwa. Alisema alikuta mkebe wa dawa za kupunguza makali ya ukimwi chini ya kiti cha lori, akajua mumewe ana virusi. Lakini mke wa ndoa kumwambia mumewe avae mpira ni sawa na kumwita malaya, au kujiita. Kwa hivyo alinyamaza, akaambukizwa huku akijua.

Maneno yale Sahro aliyaweka ukurasa wa kwanza wa ripoti. Chini yake, kama kazi ya utafiti ilivyotaka, akaandika: mjane, miaka thelathini na tisa, muuza maziwa, mama wa pacha. Mkuu wa mradi, Daktari Koome, alimpigia simu kutoka Nairobi kumsifu.

Wiki moja baada ya uzinduzi wa ripoti, mtangazaji wa redio aliisoma sehemu hiyo hewani. Pale stendi wajane wauza maziwa walikuwa watatu. Mwenye pacha alikuwa mmoja.

Wateja wa Fahmo walihama. Kisha shemeji yake, Abdiwali, akaja na ndugu wawili, akasema mwanamke aliyemwanika marehemu redioni hawezi kulea watoto wa marehemu. Pacha wakapelekwa Garbatulla kwa nyanya yao.

Sahro alipopata habari alimwomba Koome aliondoe lile fungu la maneno ya Fahmo. Koome alijibu kwa upole kwamba kanuni zote zilifuatwa, jina halimo, na kwamba hilo ndilo fungu lenye uzito kuliko yote. Mwaka huohuo ripoti ile ilimpatia Sahro nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu. Aliichukua.

Alienda kwa Fahmo, akamkuta anasugua mitungi nje ya nyumba.

"Salaam aleikum, abaayo," Sahro akasema, akimwita dada kwa Kisomali.

Fahmo aliitikia, akaendelea kusugua. Sahro aliomba msamaha, akaeleza habari za kanuni, akarudia kwamba jina hakuliandika.

"Jina hukuandika," Fahmo akasema. "Uliniandika mimi."

Sahro akamuuliza anataka afanye nini.

"Nenda kwa Abdiwali. Mwambie yale maneno uliyatunga wewe."

Sahro alijua gharama yake. Mtafiti akishakiri kwamba alitunga, hana kazi tena, na miaka yake yote inageuka uongo. Fahmo alimtazama, akaelewa kwamba hatakwenda, akainamia mitungi yake.

Kabla ya mvua Fahmo alihamia Rapsu kupalilia vitunguu vya watu, mbali na kliniki aliyochukulia dawa. Sahro alimfuata mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa Fahmo yuko shambani, na hakuna aliyejitolea kumwonyesha ni shamba lipi.

Siku hizi Sahro anaitwa daktari, na ana wahojaji wake. Katika utafiti wake wa karibuni aliorodhesha wanawake sitini wa mjini. Waliokubali kuketi na kuhojiwa ni kumi na mmoja. Wengine walisema hawana la kusema, wakafunga milango. Ripoti ilihitaji kueleza kwa nini wanawake wa Isiolo ni wagumu kufikiwa. Sahro alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima, kisha akaandika kwamba ni kwa sababu ya mila na dini.