Picha ya Kifua Ambayo Baba Hakupigwa

Baba alikuwa karani wa kupima majani ya chai karibu na Chepilat, na alivuta sigara tangu mimi sijazaliwa. Mwaka nilioanza kufundisha, daktari wa hospitali ya misheni alisimama kanisani baada ya ibada, akasema kila aliyevuta miaka mingi aende apigwe picha ya kifua, hata kama hakohoi.

"Huu ugonjwa wa saratani unakaa kwenye mapafu kimya," alisema. "Ukianza kusema, umechelewa."

Jumatatu asubuhi nilimkuta Baba amenyoa ndevu, amevaa koti la Jumapili.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi. Ndiyo maana naenda."

Wazazi wa mchumba wangu walikuwa waje kesho yake, na geti letu lilikuwa limeanguka, nami nilitaka alitengeneze siku hiyo. Nilimwambia, mbele ya Mama na wachumaji wawili wa chai waliokuwa wakipita: "Wewe unaogopa kufa tu. Mwanamume mzima anatafuta ugonjwa ambao haujamtafuta!"

Wachumaji walicheka. Mama pia. Baba alivua koti, akaenda kutafuta nyundo.

Hakulitaja jambo hilo tena. Mwaka wa tatu baada ya hapo akaanza kukohoa. Kwenye zahanati walidhani ni TB, akameza dawa miezi mingi huku akikonda. Alipotema damu ndipo nilipompeleka kwa daktari yule yule. Aliinua picha dirishani, nikaona doa jeupe, kubwa kama ngumi.

"Mzee, nilipotangaza kule kanisani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Hata koti nilivaa." Akaninyooshea kidole. "Muulize huyu mwalimu."

Nilimuuliza daktari kama tungeuona uvimbe huo mapema, Baba angepigwa picha wakati ule.

"Pengine ungekuwa mdogo, wa kukatwa. Pengine usingeonekana. Sasa hakuna wa kujua."

Baba aliishi miezi minne. Nikimpelekea uji, alifunga mdomo. Alikunywa kutoka mkononi mwa mke wa kaka yangu. Baba alimwambia kila mgeni aliyekuja kumwona, kwa sauti ya kukwaruza, "Mtazame binti yangu. Alisema naogopa kufa." Alimwambia mchungaji. Aliwaambia wanafunzi wangu walipoleta maziwa, nao wakaangalia chini.

Siku moja nilipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe."

Alipumua kwa shida. "Nikikusamehe," akasema, "utasahau."

Alikufa asubuhi, mimi nikiwa darasani. Waliokuwa naye waliniambia aliaga kila mtu kwa jina. Jina langu hakulitaja.

Baada ya mazishi nilimwomba kaka yangu, ambaye naye anavuta, twende wote apigwe picha. Aliwasha sigara palepale, akanipulizia moshi usoni.

"Kwa mambo ya hospitali," akasema, "wewe ndiye mtu wa mwisho nitakayemsikiliza."

Mpaka leo hajaenda.