Jina la Emérita Haliko

Sifichi, niko na hasira. Bibi yangu Emérita alipoteza jina lake sababu ya ngombe zangu tatu.

Yeye njo muganga wa kituo cha afya cha Kibabi, anapima watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula kizuri, tangu hatujaoana. Mwaka uliopita Dokta Rukundo alitoka Goma na utafiti wa uji mupya wa maziwa, unaotengenezwa na usine, kiwanda kimoja cha kule mujini. Emérita alipanda milima na mizani mugongoni, mvua ao jua. Barabara ikifungwa, alilala kwa watu. Dokta akamwambia: "Mama Emérita, utafiti ukitoka, jina lako litakuwa pamoja na langu." Bibi yangu alirudi nyumbani anaimba. Mimi nilishatafuta hata kioo cha kuwekea hiyo karatasi ukutani.

Kisha Dokta akarudi kwetu, tukamupa maziwa ya mgando. Akasema kumebaki neno moja: kila mwenye jina kwa utafiti aseme kama anapata faida yoyote kwa ule uji.

"Tutaandika hakuna," akasema, "tumalize."

Emérita akaweka kikombe chini. "Dokta, maziwa ya bwana wangu Valens inaenda kwa ile usine. Andika hiyo."

Nilimukanyaga muguu chini ya meza. Aka! Akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Njo vile alikomaa. Kwao, wafugaji wa Mushaki, jamaa ikikaa kusikiliza mashitaka, muntu aliyepewa ngombe na upande mumoja anaanza kusema: "Huyu alinigawia ngombe." Hawamufukuzi. Wanajua tu namna ya kumusikia. Lakini akificha na ijulikane, hata aseme jua linawaka, watatoka inje kuangalia.

Dokta alicheka. "Mama, ngombe tatu! Ni kitu gani hiyo?"

"Kama ni kitu kidogo, kuandika haitauma."

Akaacha kucheka. "Ukiandika yako, wenye kuchapisha wataniuliza na yangu."

Kumbe! Akakubali mwenyewe: yeye njo mushauri wa ile usine, wanamulipa kila mwezi. Emérita alimwangalia mpaka mimi nikaona haya.

"Wale wamama wa watoto, Dokta, walikataa kwanza uji wako. Niliwaapia kwamba wewe hauna upande. Niliwaapia!"

Dokta akavaa koti lake na kuaga. Maziwa hakumaliza.

Utafiti ulitoka mwezi uliopita. Nishimwe, anayetumika kazi pamoja na Emérita pale kituoni, alituonyesha kwa telefone. Majina imejaa pale juu, lake haliko. "Watoto walipimwa kila juma," wanasema. Walipimwa na nani? Mizani ilipanda mulima peke yake? Na chini kabisa: waandishi hawana faida yoyote katika jambo hili. Nilitukana mpaka ngombe zikashtuka. Kamba hukatikia pembamba, siku zote!

"Ungenyamaza tu!" nikamwambia Emérita. "Angeandika lile neno moja tu, 'hakuna', ungekuwa na jina!"

Alikuwa analia, na mimi nikaenda kufunga ngombe.

Siku ya kupima watoto nilimupelekea chakula kituoni. Mama Adelaïde alikuwa mbele yake na mujukuu mugongoni, miguu ya mutoto imevimba.

"Mama muganga, huu uji ni muzuri kweli?"

"Mbele ujue hivi," Emérita akasema. "Maziwa ya bwana wangu iko ndani. Na Dokta aliyeandika utafiti, usine inamulipa. Mimi niliwaambia hana upande, nilikosea. Sasa nikuambie vile niliona na macho yangu: watoto wengi walipona, wengine hapana."

Nilitaka kumuvuta kwa mukono, maziwa yetu tutauza wapi usine ikisikia! Mama Adelaïde alifikiri, akamushusha mutoto, akanyoosha bakuli.

"Umenena vizuri. Nipe. Na hii unaniambia, wameiandika kule kwa karatasi yao?"

Emérita alikuwa anamimina uji. Hakuinua macho.

"Haiko, mama."