Mahafali ya Mgeta

Mimi si mtu wa subira, na mwaka ule hata ile kidogo niliyozaliwa nayo ilikuwa imekwisha. Nilikuwa msaidizi katika ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu mjini Morogoro, nimebakiza somo moja tu, la kodi, niipate CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Somo hilo lilikuwa limeshaniangusha mara mbili. Bosi wangu, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliniambia waziwazi, "Ukifaulu, timu ya ukaguzi wa ushirika wa mpunga kule Dakawa utaiongoza wewe. Usipofaulu, naleta mtu kutoka Dar." Nilirudi mezani kwangu nikafungua kitabu cha kodi. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Watu hudhani ukaguzi ni kazi ya kusinzia. Si kweli hata kidogo. Unaingia kwenye ghala la watu, unauliza swali moja dogo kwa upole, meneja anaanza kufuta jasho. Mimi nilikuwa naiota kazi hiyo.

Basi nikafanya mtihani kwa mara ya tatu. Wiki ambayo matokeo yalitarajiwa, mjomba akanipigia simu kutoka kwetu Mgeta, juu milimani. Sisi Waluguru ukoo wetu ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Alisema nipande Jumamosi, kuna shughuli ndogo. Sikuuliza ya nini.

Nilishuka kwenye bodaboda nikitetemeka kwa baridi, nikakuta turubai limefungwa uwanjani, mbuzi yuko motoni, kwaya ya kigango inajaribu sauti, na kitambaa kimetandazwa ukutani: HONGERA CPA WETU.

"Shikamoo, mjomba. Hii ni nini?"

"Marahaba, mama. Mahafali yako hayo."

"Mjomba, matokeo bado hayajatoka."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kabichi huota juu ya mti. "Kwani mahafali hufanywa lini?"

Hapo alinipata. Nchi nzima hii, darasa la saba, kidato cha nne, kidato cha sita, mtoto anavikwa mashada, anasoma risala mbele ya mgeni rasmi, wazazi wanakula pilau, ndipo anakwenda kufanya mtihani. Kwa utaratibu huo mjomba alikuwa amechelewa. Lakini CPA haiendi hivyo, na mimi nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Kitongoji kizima kimealikwa. Mwenyekiti wa kijiji ndiye mgeni rasmi. Nikifeli tena, kila tenga la karoti litakaloshuka mjini litashuka na habari zangu.

Mama akanivuta ndani kabla sijasema neno baya. "Vaa tu, mwanangu," akasema, akanipa joho. Lilikuwa jekundu, la kwaya, na lilinifika magotini.

Nikaketi mbele ya watu, mashada shingoni, nikitabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa CPA wetu atatusomea risala. Risala yenyewe sina. Nikasimama, na hapo simu ikatikisika mfukoni. Mtandao pale kwa mjomba huja na kuondoka utakavyo, na safari hii ulikuja kwa muda wa kuleta ujumbe mmoja tu, kutoka kwa mwenzangu wa ofisini: "Yametoka. Angalia."

Nikakimbia. Sikuaga mtu. Nilishuka ile njia ya mteremko, joho nimelikusanya mkononi, mpaka kwenye kona ya barabara ambako malori hupakia mboga na simu hushika vizuri. Wapakiaji waliacha kurusha kabichi.

"Dada, nani anakufukuza?" mmoja akauliza.

Nikafungua tovuti ya matokeo. Ukurasa ulikuwa unafunguka taratibu kwa makusudi ya kuniua. Nikaandika namba yangu ya mtihani, nikakosea, nikaandika tena. Nimefaulu. Nikasoma mara nyingine, nikamwonyesha dereva wa lori anisomee na yeye, kwa sababu mkaguzi haamini macho ya mtu mmoja. Akasema nimefaulu. Nilipiga kelele ambayo nadhani iliwafikia watu wa Kinole, ng'ambo ya milima, na wapakiaji wakanipigia makofi bila kujua nimefaulu nini.

Kupanda nilipanda nikicheka peke yangu. Mama aliponiona tu alielewa, akapiga kigelegele, kwaya ikadakia. Mjomba alikuwa anakata nyama, ametulia kabisa. Utulivu huo ukanirudishia hasira.

"Na kama ningefeli, mjomba? Mbele ya watu wote hawa?"

Akaweka kisu chini.

"Ungefeli, nani angekuja kula na wewe?" akasema. "Ndiyo maana niliwaita kabla. Umesoma miaka yote hiyo, mchana uko kazini, usiku uko kwenye vitabu, na ulipoanguka hukuacha. Hayo nimeyaona mwenyewe. Nisubiri bodi ya mitihani iniambie?"

Nililia pale pale, na joho langu fupi. Mwenyekiti wa kijiji, akidhani ndiyo risala, akasimama kupokea.

Dakawa nilikwenda, na baadaye nikapata leseni ya ukaguzi. Leo nina ofisi yangu mwenyewe mjini, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawafundisha jambo lile lile kila siku: ushahidi kwanza, sahihi baadaye. Wakinizoea huuliza kuhusu lile shada la karatasi za kumetameta lililoning'inia juu ya leseni yangu. Huwa nawaambia ni la mahafali. Siwaambii kwamba yupo mtu mmoja, kule juu Mgeta, aliyeniwekea sahihi kabla ya ushahidi, na kwamba ile ndiyo sahihi ninayoitegemea.