Imeisha Hiyo

Tangu nimalize shahada ya uzamivu katika baiolojia ya seli na molekuli, kazi yangu ilikuwa kukata vitambaa dukani kwa baba, Kariakoo, na kuandika barua pepe. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu mara nyingi unaitafuta hivyo: unamwandikia profesa mwenyewe, unamweleza ulichofanya, unaomba akupokee maabarani kwake miaka miwili, mitatu. Wengi hawajibu. Vijana wa dukani waliniita Dokta.

"Dokta, hizo seli zinauzwa kwa doti au kwa mita?"

Nilicheka nao, huku naumia.

Kisha akajibu mmoja, wa Ujerumani. Tukaongea kwa video, nimekaa stoo juu ya majora ya vitenge. Alikuwa mchangamfu, akauliza naweza kuanza lini. Niliposhuka, mama akataka kujua imekuwaje.

"Imeisha hiyo, mama."

Hapakuwa na barua wala mkataba. Na mimi ndiye ninayewadai watu ushahidi wa kila kitu, hata wa dawa ya kikohozi.

Mama akatangaza dua ya shukrani nyumbani kwetu, mtaa wa Gerezani, Ijumaa baada ya Alasiri. Ijumaa hiyo asubuhi profesa akaandika kwamba wamemchukua mwingine. Mistari mitatu, ya adabu kabisa. Nilikuwa nimeshika mkasi. Mchele ulikuwa bado haujalowekwa. Simu moja tu ingetosha. Nikamalizia kukata kitambaa cha mteja.

Nimejiambia mara nyingi kwamba sikutaka kumwaibisha mama. Si kweli. Nilitaka siku moja ya kuwa mtu aliyepata.

Dua iliongozwa na ustadhi aliyenifundisha kusoma Kurani utotoni. Tumebishana miaka mingi, mimi na yeye, kama dua inabadilisha chochote. Siku ile hakunichokoza. Aliinua mikono akaomba nifike salama, nirudi salama. Nikaitikia "Amin" kwa sauti kubwa kuliko wote. Sijawahi kuitikia vile hata kwa jambo ninaloliamini.

Watu walipoanza kutoka, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mjane, akanishikisha mfuko.

"Sweta la marehemu mume wangu, alilivaa enzi akifanya kazi reli, safari za bara. Nimelishona kiwiko. Huko baridi, mwanangu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru.

Jikoni nilimkuta mama anakwangua ukoko wa pilau. Nikamwambia.

"Umejua lini?"

"Asubuhi."

"Kabla sijaloweka mchele?"

"Kabla."

Hakupiga kelele. Aliendelea kukwangua sufuria ambayo ilishakuwa safi. "Wengine nitawaambia mimi," akasema. "Hilo sweta ulirudishe mwenyewe. Sasa hivi."

Nikavuka barabara. Mjane alikuwa ameketi barazani, buibui bado mwilini.

"Shikamoo."

"Marahaba, msafiri wetu. Vipi, limekubana?"

"Hapana, bibi. Linanitosha."

Nikamnyooshea mfuko. Akaupokea, anatabasamu. Ndipo nikamwambia kwamba siendi popote, na kwamba nilijua tangu asubuhi.

Alilitoa sweta kwenye mfuko, akalilaza mapajani, akaanza kulikunja upya, mkono mmoja juu ya mwingine, taratibu, bila kuniangalia.