Fisi Hakufungua Lango

Mengi ya jana yamenitoka, mwanangu, lakini ninaikumbuka asubuhi moja ya utoto wangu kama niliyoiamkia leo. Tulikuta ndama ameraruliwa zizini, na matawi ya miiba tuliyokuwa tukifungia lango yako kando. Baba yangu, mtu mkali mwenye mifugo mingi, alikwisha kuwapanga vijana wachungaji mstari mmoja, fimbo mkononi.

"Lango limeachwa wazi," akasema. "Fisi ameingia."

Babu yangu, aliyekuwa katekista wa kigango chetu, alikuwa anaota moto. Hakuinuka. "Limeachwa na nani?"

"Limeachwa tu, baba. Imetokea."

"Fisi hakufungua lango," babu akasema. "Fisi ni fisi, kazi yake tunaijua. Mimi nauliza mkono wa mtu. Jumapili unapiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa mimi, kanisa zima linakusikia. Leo kifua kimekwenda wapi?"

Baba akaitupa fimbo. "Jana nilitoka mwisho, kumwangalia ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Nimeliacha mimi."

"Haya, afadhali," akasema bibi kutoka jikoni. "Njooni, uji unapoa."

Mmoja wa wale wachungaji, Shija, aliangua kilio. Nilidhani analia kwa kuokoka na fimbo. Kumbe, alituambia baadaye, tangu alfajiri alikuwa amekwisha kuamini kwamba aliyesahau ni yeye. Jambo hilo sikulielewa hadi uzeeni, na aliyenifundisha maana yake ni mwanangu wa kumzaa.

Zahanati ya kijiji chetu, huku upande wa Didia, ilikuwa na chumba cha kujifungulia. Kisha likaja gari likachukua kitanda, na mkunga wetu akahamishwa. Tukaambiwa huduma zimepangwa upya: wanawake watazalia hospitali kubwa ya mjini, na habari za kila mama zitawekwa kwenye mtandao, ili popote atakapofika daktari amwone kama anayemfahamu. Sisemi mpango ulikuwa mbaya. Nilipiga makofi na wenzangu.

Kabula, mke wa mwanangu Masanja, alikuwa mjamzito. Kliniki walikwisha kugundua kwamba damu yake ni ya kundi adimu, wakaiandika huko mtandaoni ili hospitali iwe tayari. Masanja mwenyewe alikuwa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu karibu na Bulyanhulu, akichimba. Uchungu ulipokuja kabla ya wakati wake, mchana wa mvua, tulimpakia kwenye bodaboda, mke wangu amemshika kwa nyuma, nami nikafuata kwa nyingine. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulifika damu ikimtoka.

Kijana wa mapokezi alitutazama kwa macho ya mtu aliyechoka kusema neno lile lile. "Shikamoo, mzee. Mfumo umegoma."

Haukugoma, mwanangu. Wezi waliingia kwenye mtandao wakaufunga kwa ndani, na habari za Kabula zikafungiwa humo. Wauguzi walikimbia huku na huko, nawashuhudia mbele ya Mungu, awalipe. Wakapima damu upya, wakapiga simu kuitafuta kwingine. Damu ilikuja. Kabula hakuingoja. Mtoto alitolewa akilia, na kwa kilio hicho namshukuru Bwana kila siku.

Tulipomaliza matanga, bwana mkubwa wa afya alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Alisema kwa upole, shati lake limenyooka. Huduma zilihamishwa. Mfumo ulidukuliwa. Neno la siri la kufungulia kompyuta, mnaloliita pasiwedi, lilikuwa moja, likitumiwa na kila mtu. Tahadhari ilitolewa mapema, haikufanyiwa kazi.

Nikasimama. "Mheshimiwa, haikufanyiwa kazi na nani?"

"Mzee wangu, suala hilo linachunguzwa."

"Linachunguzwa na nani?"

Watu wakacheka, kicheko kikavu. Mama Shoma, muuza dagaa, akapaza sauti: "Mwacheni baba wa watu! Kwao hata ugali unapikwa bila mpishi!"

Yule bwana naye akatabasamu kidogo, akafunga mkoba wake. Akatuombea subira. Gari likaondoka.

Jioni hiyo nilimkuta Masanja ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, mikono imening'inia. "Baba," akaniambia, "nimemuua mimi. Ningekuwa hapa, ningempeleka mapema. Niliyefuata dhahabu ni mimi."

Nilimwambia siyo. Nilimwambia habari ya kitanda, na ya pasiwedi. Akanisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mzazi, lakini hakuamini, maana hakuna mtu hata mmoja aliyekwisha kusema "ni mimi" isipokuwa yeye. Hapo ndipo nilipoyakumbuka machozi ya Shija. Kosa lisilopata mwenyewe halipotei, mwanangu. Hutembea, likabisha hodi kwa asiye na hatia, naye kwa huzuni yake hulifungulia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana ni rahisi mno kuuacha mlangoni kwa mwingine.

Sasa unasoma. Kesho utapewa ofisi, na muhuri, na huenda funguo za mitandao hiyo nisiyoielewa. Ukikabidhiwa lango, lifunge kwa mkono wako, urudi ulitikise. Ukionywa kwamba miiba imelegea, usiseme tutaona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta nyingine hujengwa makaburini. Ukitaka kuhamisha kitanda, uliza kwanza mwanamke atalala wapi, na mvua ikinyesha atapita njia ipi. Na likitokea la kutokea, usijifiche nyuma ya imeamuliwa na ilielekezwa. Hakuna mama aliyewahi kumpa mtoto jina la Imeamuliwa. Sema ni mimi. Utaaibika, ndiyo. Lakini kuna mtu mahali fulani ameketi kizingitini, anangoja kusikia neno hilo ili aweze kuinuka.

Mjukuu wangu ameanza kutembea. Jumapili namweka mapajani, na tunapopiga kifua yeye naye hupiga chake kwa kiganja kidogo, anacheka. Kando yake baba yake hupiga kwa nguvu kuliko kanisa zima. Nausikia mshindo ule, nami siwezi kumshika mkono.

Mungu akupe mikono inayokumbuka ilichogusa, mwanangu. Akupe kifua kile kile Jumapili na Jumatatu. Na siku utakapoulizwa ni nani, akutie nguvu ya kujibu kabla mwingine hajajibu kwa niaba yako. Amina.